Mume wangu ametoa kazi yangu kuwa mchango wa harusi ya mdogo wake

Shangazi, shikamoo.

Naishi Uyole, Mbeya, na nina studio ndogo ya picha Mwanjelwa. Nina mume na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la nne na mdogo ana miaka mitatu. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, kwao ni Mafinga. Nakuandikia kwa sababu siku hizi nyumbani hatuongei vizuri, na kinachotugombanisha ni kazi yangu.

Siku za kawaida nashinda studio. Napiga picha za pasipoti za fomu za shule, familia zilizotoka kanisani, mtoto aliyebatizwa, wanachuo wakati wa mahafali. Hizo ndizo zinazolipa pango na umeme. Lakini simu zimepunguza sana wateja wa studio, kwa hiyo fedha yenyewe iko kwenye harusi. Na harusi za huku kwetu unazijua. Kwaresima kimya, mvua zikichanganya hakuna anayetaka gauni jeupe liburuzike kwenye tope, halafu watu wakishavuna na kuuza mahindi, kuanzia mwezi wa sita mpaka Desemba, Jumamosi hazitoshi. Natoka nyumbani alfajiri kumfuata bibi harusi saluni, narudi saa saba au saa nane usiku. Mume wangu ndiye anayebaki na watoto, anawapikia, anawaogesha. Kwa hilo simlaumu, namshukuru.

Sasa, mwezi uliopita alikwenda Mafinga kwenye kikao cha harusi ya mdogo wake. Kila mtu alikuwa anataja mchango wake. Huyu laki moja, yule laki mbili, mjomba akataja kreti za soda. Zamu yake ilipofika akasimama akasema: "Sisi kwa upande wetu, picha na video zote ni zetu. Msihangaike kutafuta mtu." Nasikia walipiga makofi. Mimi nilikuwa Mbeya, habari nilizipata kwa wifi aliyenipigia kunipongeza.

Aliporudi nikamuuliza mbona hukuniambia. Akanijibu, "Kwani utanunua kitu? Kamera si ipo?"

Shangazi, Jumamosi hiyohiyo ya mwezi wa tisa nina harusi Tukuyu. Bibi harusi na mama yake walikuja studio tangu mwezi wa pili, wakachagua albamu, tukakubaliana shilingi 1,200,000 na wakatoa kianzio cha 400,000. Kianzio hicho nilishakitumia, nimetengeneza kamera ya pili na kulipa sehemu ya ada ya mtoto. Mume wangu anaijua tarehe hiyo, imeandikwa kwenye kalenda ya sebuleni. Anasema niwarudishie fedha yao watafute mwingine, kwani Mbeya wapigapicha wamejaa.

Mama mkwe naye amenipigia simu: "Mke wa mwanangu alipwe kwenye harusi ya mwanangu?" Wala sikuwa nimetaja malipo popote. Akaongeza kwamba mimi ndiye mkamwana mkubwa, nahitajika jikoni tangu Alhamisi, na sare ya ukoo imeshanunuliwa. Sasa mimi nikiwa jikoni, kamera atashika nani?

Harusi ya wifi nilipiga mimi, bure, na sikulalamika. Katika albamu ile ukoo wote umepangwa na sare zao za kitenge, mimi simo hata kwenye picha moja. Siku moja binti yangu aliifungua akanitafuta mpaka mwisho, akaniuliza, "Mama, wewe hukualikwa?" Na baadaye nikaletewa maneno kwamba nilijitenga, sikukaa na wenzangu, sikucheza.

Nikijaribu kumweleza mume wangu gharama, anaona nawahesabia ndugu zake. Kwa harusi kama ya Tukuyu, mpiga video namlipa 200,000, msaidizi wa taa 80,000, usafiri 100,000, mhariri wa video 150,000. Albamu na fremu ni 220,000 kwa sababu naagiza Dar zinakuja kwa basi. Flashi na bando 30,000, chakula cha vijana 20,000. Yote nayaandika kwenye daftari. Yeye anachokiona ni 1,200,000 iliyoingia.

Tena kuna la msaidizi wangu. Ni kijana wa kiume, mchapakazi na mwenye adabu. Wifi aliwahi kuniuliza mbele ya watu, "Mkienda Kyela huyo kijana analala wapi?" Mume wangu alikuwepo na hakusema neno. Siku hizi akikasirika anasema kamera ni ya nyumba na anaweza kuiuza. Kamera hiyo niliinunua kwa mkopo wa kikoba na nikaulipa mwenyewe, kwa picha za pasipoti.

Nifanye nini, Shangazi? Nikienda Tukuyu nitaonekana nimesusa harusi ya shemeji yangu. Nikienda Mafinga nitakuwa nimemtupa binti wa watu aliyeniamini. Na mume wangu nampenda, sitaki tufike pabaya.

Mpigapicha, Uyole

*

Marahaba, mwanangu.

Nenda Tukuyu. Naanza na hilo ili usisome barua yote roho ikiwa juu.

Yule binti na mama yake walifunga safari mpaka studio kwako mwezi wa pili, miezi saba kabla, kwa sababu waliona kazi yako wakaitaka. Fedha yao umeipokea. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano hayo ni mkataba hata kama hamkuandikiana, na ukiuvunja wana haki ya kudai fidia. Lakini hata sheria ningeiweka kando. Keki ikiharibika huokwa nyingine, gari likigoma hukodiwa jingine. Picha ya binti akivalishwa pete mbele ya mchungaji, ikikosekana au ikitoka vibaya, hakuna atakayewakusanya watu wale tena. Ni kweli Mbeya wapigapicha wamejaa, ila Jumamosi ya mwezi wa tisa wenye mkono mzuri wameshakamatwa wote, na wewe unalijua hilo kuliko mume wako. Tena Tukuyu na Mwanjelwa watu ni walewale. Ukimwacha mmoja dakika za mwisho, mwaka ujao hutaulizwa kwa nini, utaona tu simu hailii.

Sasa lete hilo daftari tujumlishe. Mpiga video, msaidizi, usafiri, mhariri, albamu, flashi, chakula: 800,000. Kwenye ile 1,200,000 inabaki 400,000, na hapo hujatoa pango la studio, umeme, kodi, wala akiba ya siku kamera itakapogoma. Hiyo ndiyo mishahara yako ya Jumamosi nzima na ya usiku wote utakaokaa mbele ya kompyuta watoto wakiwa wamelala.

Mume wako aliuliza kama utanunua kitu. Jibu ni ndiyo, mtanunua karibu kila kitu. Gharama za Mafinga ni zilezile za Tukuyu, na usafiri unazidi, maana Tukuyu ni kushuka tu kutoka hapo Uyole barabara inapogawanyika, wakati Mafinga ni kupita Igawa na Makambako ukiwa na vijana wawili, vifaa, na mahali pa kulala. Kwa hiyo katika kikao kile, mtu alitaja laki moja, mwingine laki mbili, na mwalimu akaahidi zaidi ya laki nane taslimu. Hapo sijagusa faida ya Tukuyu mtakayoikosa, wala kianzio mtakachotakiwa kurudisha wakati kimeshaingia kwenye ada. Inawezekana kabisa ahadi yenu ndiyo kubwa kuliko zote kikaoni, na aliyeitoa hakujua.

Naamini hakujua. Mwanaume anayesimama mbele ya baba zake wadogo na kutaja kazi ya mke wake mara nyingi anajivunia. Alikuwa na kitu ambacho wengine hawana, akakitaja, wakapiga makofi. Usiingie kwenye mazungumzo ukiwa na picha ya mtu aliyekudharau, maana nia yake hapo kwenye kikao sidhani ilikuwa hiyo.

Ila kosa lipo, na lisipite hivihivi. Hata kama kazi hiyo isingegharimu senti moja, alitoa jasho lako mkutanoni kama gunia la mahindi alilolima yeye, na tarehe ya Tukuyu aliiacha ukutani anaijua. Mwambie hilo. Mwambie mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila kuorodhesha ya miaka yote.

Usimwambie Jumamosi usiku. Wewe umesimama tangu alfajiri, yeye amebanwa na mtoto wa miaka mitatu siku nzima, hapo hata salamu inageuka ugomvi. Tafuta jioni ya katikati ya wiki, watoto wakishalala. Weka daftari mezani, lifungue ukurasa wa harusi ya karibuni. Anza hivi: "Nilifurahi ulivyonitaja mbele ya ndugu zako. Nataka uone kazi yenyewe inakula nini." Kisha nyamaza, mwache asome. Mwalimu ni mtu wa kusahihisha hesabu, atajumlisha mwenyewe, na hesabu aliyoifanya mwenyewe hawezi kukubishia.

Na kuna jambo jingine ambalo daftari haliwezi kulionyesha. Mchukue Jumamosi moja, shule zikiwa zimefungwa na watoto wakiwa kwa mtu mnayemwamini, ashike taa badala ya msaidizi. Aone bibi harusi anavyolia saluni kwa sababu kucha hazikukauka, na wewe unavyomtuliza kabla hujamwelekezea kamera. Aone mchungaji akikuonyesha kwa kidole mwisho wa kusimama, hatua kadhaa nyuma ya hapo ungependa, na wewe unavyopata pete kutoka huko huko. Aone saa nane mchana watu wakitoka kanisani, jua likiwa la utosi, macho ya kila mtu yamezama kwenye vivuli, na wewe unatafuta ukuta mweupe au mti wa kuwasogeza. Amsikie shangazi wa bwana harusi anayetaka apigwe tena kwa sababu alifumba macho. Halafu awe pale saa kumi na moja jioni, jua limelala upande mmoja, una muda mfupi tu wa kupata ile picha watakayoitundika ukutani, na mjomba mmoja anawavuta maharusi waende ukumbini kwa sababu MC ameshaanza kuita. Ukifika nyumbani mwonyeshe picha zilizomo kwenye kadi, ni maelfu, na mwambie ni mia nne tu utakazowapa watu. Nani achague, nani asawazishe rangi, umeme ukikatika katikati nani arudie.

Mtu aliyewahi kubeba taa hiyo kutwa nzima hawezi tena kusema kamera si ipo.

Nawe pia msikilize, maana ana la kwake. Kuanzia mwezi wa sita mpaka Desemba mwanaume huyu hana Jumamosi. Rafiki zake wanaenda mpirani, ndugu wanakuja kutembea, yeye yuko jikoni na mtoto mgongoni, na Jumapili mke yuko kanisani macho mekundu. Hajaniandikia barua, lakini kwenye hasira yake kuhusu kamera naisikia hiyo. Kwa hiyo kwenye kalenda ya mwaka ujao, kabla hujampa mteja tarehe yoyote, funga Jumamosi moja kila mwezi iwe ya nyumbani. Ifunge kwa wino. Pengo lake ulifidie kwenye bei, ambayo nikiangalia unachobakiza ni ndogo kwa kazi unayofanya. Na tafuta dada wa kumsaidia mume wako siku za harusi, umlipe, halafu umwandike daftarini pamoja na mpiga video na usafiri, kwa sababu bila mtu wa kubaki na watoto hakuna harusi inayopigwa.

Tuje kwa wakwe.

Aliyesimama Mafinga ni mume wako, na atakayesimama tena ni yeye. Hili usimsaidie. Ukipiga simu wewe, itakuwa mkamwana amekataa. Akienda yeye, ni mtoto wao amerekebisha ahadi yake. Aende mwenyewe kwenye kikao kijacho, asiandike kwenye kundi la WhatsApp, maana huko watajibu watu ambao hata mchango hawajatoa. Aseme: "Niliwaahidi picha kabla sijaangalia kalenda ya nyumbani. Mke wangu siku hiyo ana kazi aliyoshapokea fedha za watu. Mchango wetu ni huu, na mpigapicha tutawasaidia kumpata." Akisema mapema kamati ina muda wa kuweka kifungu cha picha kwenye bajeti. Akingoja mpaka wiki ya harusi, lawama itakuwa ya haki.

Wapigapicha wapo Mafinga na wapo Iringa mjini, na hapo ndipo ujuzi wako utakapowafaa kuliko kusimama na kamera. Wachagulie mtu. Usikubali akutumie picha kumi nzuri alizowahi kupiga, mwambie akuonyeshe harusi moja nzima tangu saluni mpaka keki. Muulize ana kamera ya akiba? Picha anazihifadhi sehemu mbili au zimebaki kwenye kadi moja tu? Na wasimamie wanandugu wamlipe yote kabla ya siku yenyewe, maana unajua kinachotokea. Harusi ikiisha kinaitishwa kikao cha kuvunja kamati, watu wanapongezana, na mpigapicha anayedai nusu ya fedha yake hana tena wa kumdai. Mwenyekiti anasema kamati haipo, bwana harusi anasema yeye hakuingia mkataba na mtu. Na kwako pia iwe hivyo, Tukuyu wamalize deni lote kabla hujafunga begi la kwenda.

Usijaribu kuwa sehemu zote mbili. Najua umeshawaza kwenda Mafinga Alhamisi, ukapike, urudi Ijumaa. Ijumaa usiku unatakiwa uwe umelala, betri zimejaa, kadi ziko tupu. Mume wako na watoto watangulie. Wewe panda basi Jumapili alfajiri hapo Uyole, kabla ya saa sita mchana umeshafika, uvae sare yako uingie jikoni na wenzako. Jumapili wageni wengi wameshaondoka, wamebaki watu wa nyumba. Na hiyo ndiyo siku ya zawadi yako.

Wewe ni mpigapicha wa watu, si wa harusi peke yake. Wapige wazee wa nyumba hiyo. Nimeona misiba mingi ya huku kwetu ambapo picha ya marehemu imekatwa kwenye kitambulisho, ikakuzwa mpaka uso umekuwa ukungu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkalisha mama huyo kitini akampiga picha akiwa mzima. Mkalishe mama mkwe kibarazani saa kumi jioni, jua likimjia kwa upande. Mwache avae kanga anayoipenda, asikimbizwe. Mpige peke yake, mpige na mzee wake, kisha na wanawe wote, kisha na wakamwana zake. Ikifika ya ukoo mzima weka kamera kwenye stendi, ipe sekunde kumi, nawe ukakae mahali pako, mkamwana mkubwa, pembeni ya mama. Mpe binti yako nakala.

Picha hizo zichache, albamu ndogo na fremu moja kubwa ya wazee, hiyo ni zawadi mnayoimudu, na hakuna mwingine kwenye kikao kile anayeweza kuitoa. Mwambie mume wako aitangaze yeye. Anapenda kukutaja mbele za watu, basi ataje kitu mlichokubaliana.

Mama mkwe usibishane naye kwa simu. Alipouliza kama mke wa mwanawe atalipwa, nadhani hofu yake haikuwa fedha, alikuwa anapima kama unajihesabu mmoja wao. Mume wako akishazungumza kikaoni, nawe mpigie siku hiyohiyo, umsalimie, umwambie mchele wa harusi kiasi fulani utatoka kwako. Mchele wa Kyela, kilo unazoweza, aubebe mume wako Alhamisi. Usijitetee kuhusu kamera. Akikuuliza utakuja lini, mtajie siku na saa.

La kijana wako wa taa. Wifi alikosa adabu, na mume wako kukaa kimya kulikuumiza kuliko swali lenyewe. Mwambie mume wako hivyohivyo. Lakini pia mlete kijana huyo nyumbani, ale chakula mezani kwenu siku mume yupo, wafahamiane. Kazi zikiwa mbali, kama Kyela au Tunduma, wewe omba kulala na akina mama wa upande wa bibi harusi, kijana alale na vijana wenzake, na mume wako ajue kabla hamjaondoka. Hufanyi hivyo kwa sababu ya maneno ya wifi. Mwanamke anayetembea usiku na vifaa vya mamilioni anatakiwa ajulikane alipo. Na weka kwenye makubaliano na wateja saa ya kumaliza. Sherehe ikipita saa sita usiku walipe nyongeza na usafiri wa kukufikisha mlangoni.

Kuhusu kuuzwa kwa kamera, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke. Kamera uliyoinunua kwa mkopo wako ni yako, na risiti za kikoba zitunze. Hilo nakwambia ulijue, usilitupe mezani siku ile ya daftari. Mtu mwenye hasira anasema atauza kitu ambacho akipoa anakipangusa vumbi. Ila akirudia akiwa ametulia, au akianza kutafuta mnunuzi, niandikie tena, na mshirikishe mshenga wenu au wasimamizi wa ndoa yenu mapema.

Na ule mchango wa fedha, mkubaliane kiasi usiku huohuo wa daftari. Kwa hali yenu naona laki mbili inatosha, wala si haba. Aupeleke mume wako kwa mweka hazina kwa mkono wake siku ya kikao, uandikwe kwa majina yenu wawili.

Shangazi